Probu moja, sekunde kumi: shajara ya mradi wa eko ya umio katika idara ya dharura

8 Januari

Kibali kimetoka leo. Idara yetu ya dharura imeruhusiwa kuanza kutumia eko ya umio, yaani altrasaundi ya moyo inayopigwa kwa kifaa chembamba, probu, kinachopitishwa mdomoni mpaka kwenye umio, pale nyuma kabisa ya moyo. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika hospitali moja ya huku Kentucky. Nimepewa uratibu wa upande wa wauguzi: mafunzo, vifaa, usafi wa probu na kumbukumbu. Shajara naiandika kwa Kiswahili kwa sababu wenzangu wa Dar, Mombasa na Goma wananiuliza kila mara jambo hili linakwendaje, na kwa sababu nikitoka zamu ya usiku Kiswahili ndicho kinachonijia chenyewe.

Nieleze kwanza kwa nini tumelihangaikia. Moyo wa mtu ukisimama, tegemeo ni mikono: kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi, na tukisimama kukagua mapigo tusizidi sekunde 10. Ndani ya sekunde hizo kumi ndipo daktari anapotaka kuchungulia moyo kwa altrasaundi ya kawaida. Anaisukuma probu chini ya mbavu. Jeli inateleza, pedi za mashine ya kushtua moyo zimekaa palepale anapopataka, tumbo limejaa hewa tuliyoipuliza wenyewe kabla mrija wa kupumulia haujaingia. Picha inakuja sekunde ya kumi na mbili, naye anasema "subirini kidogo". Nimesimama pembeni ya "kidogo" hizo kwa miaka, mikono yangu ikiwa hewani juu ya kifua cha mtu.

Mwaka 2017 watafiti wa hapa Marekani walizipima. Ukaguzi usio na altrasaundi ulichukua wastani wa sekunde 13, wenye altrasaundi sekunde 21. Probu ya umio hukaa ndani muda wote kifua kikiendelea kukandamizwa, kwa hiyo picha ipo kabla mikono haijainuka. Utafiti wa mwaka 2019 ulizilinganisha njia tatu: sekunde 9 kwa eko ya umio, 19 kwa altrasaundi ya juu ya kifua, 11 kwa kupapasa mshipa kwa vidole. Hizo tisa ndizo tunazozitafuta.

21 Januari

Kikao na madaktari wa moyo pamoja na wa usingizi. Kilikuwa kigumu, na walikuwa na haki ya kukifanya kigumu. Kifaa hiki wamekilea wao: picha za kwanza za moyo kupitia umio zilichapishwa na watafiti wa Chicago mwaka 1976, na tangu miaka ya 1980 kimekuwa mkono wa kulia wa vyumba vya upasuaji wa moyo. Mmoja wao, mama mtu mzima ambaye amefundisha nusu ya hospitali hii, alituuliza swali moja tu: "Umio ukitoboka saa nane za usiku, nani anajua, na anajua baada ya muda gani?"

Hatukumjibu kwa takwimu peke yake. Takwimu zipo: wagonjwa 7,200 wa upasuaji wa moyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, madhara yatokanayo na probu yalikuwa asilimia 0.2 na hakufa mtu kwa sababu yake. Lakini hao waliandaliwa, walifunga kula, walijulikana historia zao. Wetu wanaletwa na gari la wagonjwa bila jina. Basi tumekubaliana masharti. Mgonjwa awe tayari ana mrija wa kupumulia. Kama tunajua ana mishipa iliyovimba kwenye umio, umio uliobana, au amefanyiwa upasuaji wa umio au tumbo karibuni, probu haiingii. Ikikataa kuteremka, haisukumwi. Na kila aliyepona baada ya kuwekewa probu anaangaliwa kwa maumivu ya shingo na kifua, homa, na hewa chini ya ngozi, hata akishahamishiwa wodi nyingine.

Kilichowalainisha zaidi ni jinsi tulivyojibana wenyewe. Hatutasoma vali, ile milango ya damu ndani ya moyo. Hatutatafuta usaha kwenye moyo. Tutajibu maswali machache ambayo jibu lake linabadilisha mkono ufanye nini sasa hivi: moyo unadunda au haudundi? Kuna damu au maji yanayoubana? Upande wa kulia umevimba? Tunakandamiza pale panapostahili? Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, ACEP, kilitoa mwongozo mwaka 2017 wenye mikao mitatu tu ya picha kwa moyo uliosimama, na mafunzo ya angalau vipimo 10 vinavyosimamiwa kabla daktari hajaachiwa peke yake. Wenzetu wa London ya Ontario, Kanada, walikwishaonyesha mwaka 2016 kwamba madaktari wa dharura wanaweza: vipimo 54, na katika takribani theluthi mbili matibabu yalibadilika kwa kilichoonekana.

Yule mama alitia saini wa mwisho. Akaomba awe msimamizi wa vipimo vyetu kumi vya kwanza. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

4 Februari

Mafunzo kwenye mwanasesere. Probu ina urefu wa mita moja hivi, unene wa kidole kidogo, na kwenye mpini kuna magurudumu mawili: moja linainamisha ncha mbele na nyuma, jingine kushoto na kulia. Kuna na kitufe cha kuzungusha jicho lenyewe kutoka nyuzi 0 hadi 180 bila kuusogeza mkono. Sentimita 30 hadi 35 kutoka menoni unauona moyo wote na vyumba vyake vinne. Ukizungusha kufika nyuzi 120 au zaidi kidogo, unaona njia ya damu kutoka ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, kwenda kwenye aota, mshipa mkuu. Ukiteremka mpaka tumboni, sentimita 40 na ushee, ukaikunja ncha iangalie juu, unaukata moyo mviringo kama kitunguu.

Kazi ya muuguzi ni taya. Daktari anashika probu, mimi naingiza kidole gumba nyuma ya meno ya chini na kulivuta taya mbele, ili ulimi usizibe njia. Tumerudia mpaka vidole vikauma.

19 Februari

Leo nimekwenda chumba cha kusafishia vyombo, ghorofa ya chini, mahali ambapo hakuna hata mmoja wa kamati yetu aliyewahi kufika. Nilikwenda kwa sababu kwenye bajeti ya mradi niliona mistari mitatu ya mashine na hakuna mstari hata mmoja wa kuosha.

Nimemkuta kaka mmoja wa Bukavu. Tulipogundua wote tunasema Kiswahili alicheka akaanza kuniita yaya, ambalo kwao ni heshima ya ndugu mkubwa, na tangu hapo hajaacha. Amenionyesha kazi yote, hatua kwa hatua, na nimeandika kila kitu maana ndani yake ndimo mradi utakapofia au kupona.

Probu ikitoka kwa mgonjwa inafutwa palepale, kabla ute haujakauka. Inapelekwa chini kwenye chombo kilichofungwa. Inaoshwa kwa sabuni ya enzaimu, inakaguliwa kwa macho na kwa vidole, inapimwa kama umeme unavuja. Ndipo inalazwa kwenye dawa ya kuua vijidudu iitwayo OPA, dakika 12, bila mpini kuguswa na dawa. Kabla ya kuilaza anachovya kijikaratasi kuona kama dawa bado ina nguvu. Ndoo ikifikisha siku 14 inamwagwa hata kama kijikaratasi kinakubali. Kisha suuza tatu, kila moja maji mapya, kila moja dakika nzima.

Hapo kwenye suuza alisimama, akanionyesha kucha zake. Zina kivuli cha kijivu. OPA hupaka rangi ya kijivu popote inapokuta protini, ngozi ikiwemo. "Yaya, mutu akisuuza mara moja juu ya haraka, hii rangi inaenda mu kinywa ya mugonjwa." Ni kweli tupu. Dawa iliyobaki kwenye probu inaweza kumbabua mgonjwa mdomo na umio, na kwa mtu aliye usingizini hakuna atakayelalamika.

Nimemwuliza yote hayo yanachukua muda gani. Kwa haraka isiyo na dhambi, alisema, karibu saa nzima. Tunayo probu moja.

6 Machi

Mgonjwa wa kwanza. Sitaandika umri wala jinsia.

Mrija wa hewa uliingia dakika ya nne, probu ikafuata. Nilivuta taya, ikateremka bila kukwama. Mwanga wa skrini ulipotulia, chumba kizima tuliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa miaka yote hii: mikono ya mwenzetu, kwa ndani. Kila alipokandamiza, kilichobanwa hakikuwa ventrikali. Ilikuwa aota, pale inapoanzia. Alikuwa anafunga mlango kila alipojaribu kuitoa damu. Na alikuwa akikandamiza vizuri kabisa, katikati ya kifua, kama vitabu vinavyosema.

Watafiti wa Korea waliliandika hili mwaka 2009, kwamba nguvu ya mikono mara nyingi huangukia kwenye aota au njia ya kuiendea. Nililisoma. Kulisoma na kuliona ni mambo mawili. Daktari akasema, "Shuka vidole viwili, sogea kushoto kidogo." Mwenzetu akashuka. Kwenye skrini ventrikali ya kushoto ikaanza kukunjwa kama ngumi inayofumba na kufumbua, vali ikafunguka, na kipimo cha kaboni dioksidi kwenye mrija kikapanda, dalili kwamba damu inazunguka.

Mgonjwa hakurudi. Tulisimamisha baada ya dakika 41. Daktari na mimi tulikwenda kwa familia, tukakaa, tukawaambia. Mtoto wake mkubwa aliuliza kama tulifanya kila kitu. Nilijibu ndiyo, na nilijua ndani yangu kwamba dakika chache za mwanzo mikono yetu ilikuwa mahali pabaya na hatukuwa na njia ya kujua.

23 Machi

Jumamosi alikuja mgonjwa aliyefaa kabisa kwa mradi, na probu haikuwepo. Ilitumika Ijumaa jioni, ikafutwa, ikawekwa kwenye chombo chake, chombo kikaachwa mezani kwa sababu chumba cha chini hakifanyi kazi hii mwishoni mwa wiki. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza. Jumatatu ute ulikuwa umekauka kama gundi. Kaka wa Bukavu aliiloweka na kuisugua, kisha akakataa kuiachia mpaka airudie tangu mwanzo.

Nimeandika barua kwa uongozi. Nimeomba jambo moja, mtu wa kusafisha usiku na wikendi, analipwa na mradi. Nimejibiwa kwamba fedha iliyobaki imekusudiwa programu mpya ya kupimia picha. Nimeandika barua ya pili.

11 Aprili

Tumekaa na kumbukumbu za mashine, tukahesabu sekunde zetu wenyewe. Ukaguzi wetu wa mapigo umekuwa mrefu kuliko kabla ya mradi. Mrefu zaidi ulifika sekunde 23, probu ikiwa ndani, picha nzuri ajabu.

Sababu niliiona mwenyewe nikitazama nyuma. Picha ikiwa nzuri, watu wanaitazama. Daktari anaitazama, mwanafunzi anaitazama, mkandamizaji anageuza shingo naye anaitazama. Kifaa tulichokileta kifupishe kusimama kimetupa sababu tamu ya kusimama.

Kuanzia leo: muuguzi mmoja kazi yake ni kuhesabu kwa sauti. Akifika nane, mikono inarudi kifuani, hata kama daktari yuko katikati ya neno. Picha inarekodiwa, na inasomwa wakati kifua kinakandamizwa. Mkandamizaji amegeuzwa ampe skrini mgongo. Daktari wa mradi alikuwa wa kwanza kusema niwe mimi, maana nina sauti. Nimekubali.

24 Aprili

Ukaguzi wote wa wiki mbili hizi uko chini ya sekunde 10. Wote.

2 Mei

Simu kutoka chini asubuhi. "Yaya, kuya uone."

Kaka alikuwa ameishika probu chini ya taa, bila kuigeuza. Akanipa, akaniambia nifumbe macho nipitishe kidole gumba polepole. Sentimita kama thelathini kutoka kwenye ncha nilikutana nalo: kijishimo kidogo, na upande wa pili chenzake. Kwa macho huoni kitu. "Kuko alama ya meno." Mgonjwa alikuwa ameanza kurudiwa na fahamu, akauma, na kizuizi cha meno hakikuwepo mdomoni kwa sababu kilisahaulika kwenye droo. Kipimo cha umeme kikathibitisha. Kuna uvujaji.

Ganda likitoboka, maji ya mwili yanaingia ndani ya probu na dawa ya kuua vijidudu haiyafikii. Mgonjwa anayefuata anapewa uchafu wa aliyemtangulia. Na kwa kuwa ncha ile inakaa sentimita chache kutoka moyoni, umeme unaovuja hauna safari ndefu. Probu imepelekwa matengenezo. Mradi umesimama.

Najilaumu kwa droo. Vizuizi vya meno sasa vinafungwa kwa kamba kwenye chombo cha probu yenyewe. Huwezi kuitoa probu bila kukishika kizuizi. Na kwenye kikao cha jioni nimesema wazi kwamba kidole cha mtu wa ghorofa ya chini ndicho kilichomwokoa mgonjwa wetu wa kesho. Barua yangu ya pili ilisomwa tena. Safari hii haikupingwa.

17 Juni

Probu imerudi wiki iliyopita. Leo imefanya kazi iliyonitoa machozi, njiani nikienda kwenye gari.

Mgonjwa alikuja anahema, mguu mmoja umevimba, akazimika mbele yetu. Vidole vilipapasa shingoni, hakuna mapigo. Mchoro wa umeme wa moyo unakwenda. Hapo zamani tungesema moyo umesimama, tukaendelea hivyo hivyo. Probu ikaingia. Moyo ulikuwa unadunda, kwa udhaifu, lakini unadunda. Vidole vyetu tu ndivyo vilivyoshindwa kuusikia. Upande wa kulia ulikuwa umevimba na kuusukuma wa kushoto ukutani, na ndani yake donge refu la damu lilikuwa linaingia na kutoka kwenye vali kama mkunga, yule samaki mrefu, anayechungulia mwambani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Dawa ya kuyeyusha donge ikaingia, tukaendelea kukandamiza, na baada ya muda mapigo yakasikika kidoleni.

Aliondoka kwetu kwenda wodi ya mahututi akiwa na mapigo yake mwenyewe. Yule mama daktari wa moyo ameitazama rekodi mara tatu.

Niwatahadharishe wenzangu watakaosoma hapa. Upande wa kulia kuvimba peke yake hakutoshi. Moyo uliosimama dakika kadhaa, kwa sababu yoyote ile, huvimba upande wa kulia, kwa kuwa damu inaendelea kujikusanya huko. Sisi tulikuwa na mguu uliovimba, pumzi zilizobana kabla ya kuzimika, na donge tuliloliona kwa macho. Bila hayo, dawa ile inaweza kumvujisha damu mtu ambaye tatizo lake ni jingine kabisa.

9 Julai

Wifi yangu, muuguzi wa dharura Tanga, amenipigia. Amesikia habari za tarehe 17. Akauliza wao waanzie wapi kuomba kifaa hiki.

Nilimjibu kama ninavyoamini. Eko ya umio ipo nyumbani, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanaifanya. Lakini kwa idara yenu, wifi, leo, anzeni na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde na mtu wa kuhesabu kwa sauti. Hicho ndicho kilichotusaidia zaidi ya kingine chochote na hakina plagi. Kisha probu ya kawaida ya juu ya kifua, mnaiweka kabla hamjainua mikono, mnarekodi, mnasoma baadaye. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na madaktari bingwa wa dharura waliofunzwa huko wameshika altrasaundi vizuri. Muombeni mmoja awafundishe kurekodi ndani ya sekunde nane. Probu ya umio inataka mgonjwa mwenye mrija na wodi ya mahututi ya kumpokea, na inataka mtu wa kuiosha saa zote. Asiyekuwa na huyo wa mwisho asiinunue.

Alinyamaza kidogo, akasema saa ya ukutani waliyonayo imekufa betri. Nimemwambia nitatuma hela ya betri na ya saa yenyewe.

27 Agosti

Probu ya pili imefika. Mtu wa usiku wa kusafisha ameanza, amefundishwa na kaka wa Bukavu kwa wiki tatu, na suuza zote tatu anazihesabu kwa sauti.

Jana usiku tulipata wawili, tofauti ya dakika 35 tu. Probu ya kwanza ilikuwa bado iko ndani ya OPA wa pili alipoingia, ile nyingine ikatoka kabatini na kizuizi chake. Ukaguzi mrefu kuliko wote ulikuwa sekunde 9. Wa kwanza hatukumpata. Wa pili alikuwa na damu inayoubana moyo. Ilitolewa kwa sindano, na asubuhi nilipopita wodi ya mahututi alikuwa anapiga teke blanketi.

Karatasi ya chini inasema probu ya kwanza ilirudi kabatini saa tisa na nusu usiku, ya pili saa kumi na dakika ishirini. Zote zimekaguliwa kwa kidole.